Traka ya Setilaiti kwa Mwendesha Pikipiki: Kuwaonyesha wa Nyumbani Ulipo, Kutoka Isiolo Hadi Ziwa Turkana

Ukitoka Isiolo kwa pikipiki kuelekea kaskazini, lami inakubeba vizuri hadi Moyale, na miji ya njiani ina minara ya simu. Utasimama Archer's Post, upige picha ya mto Ewaso Nyiro, uitume kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kabla hujavaa kofia dada yako ameshajibu. Mambo hubadilika Laisamis, pale unapoiacha lami na kukunja kushoto kulifuata Ziwa Turkana. Barabara hiyo ya changarawe, kilomita 208, ilikarabatiwa ili kupitisha mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyosimikwa Sarima, karibu na ziwa, kwa hiyo si ile njia ya kuvunja rimu iliyokuwa ikisimuliwa zamani. Lakini kati ya kituo kimoja na kingine simu yako ni tochi tu. Na ukiamua kurudi kwa South Horr, Baragoi na Maralal, kuna saa nyingi ambazo hakuna anayejua ulipo isipokuwa wachungaji waliokupungia mkono.

Traka ya setilaiti inaziba pengo hilo. Inatuma mahali ulipo kila baada ya dakika kadhaa, bila mnara, na watu uliowachagua wanaiona nukta yako ikisogea kwenye ramani ya mtandaoni. Nafuata njia hii ya Turkana kwa sababu inaonyesha wazi faida na udhaifu wa kifaa, ila hatua ni zile zile ukienda Mpanda, Kigoma au Karamoja. Na niseme mapema: kifaa chenyewe ni kazi ya jioni moja. Kazi kubwa ni kumwandaa yule atakayebaki nyumbani akiitazama nukta.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Traka nyingi utakazoonyeshwa Luthuli Avenue au Kariakoo ni za laini ya simu: kisanduku kinachofichwa chini ya kiti, kikiwa na laini ya Safaricom au Vodacom ndani. Hizo ni nzuri dhidi ya wezi, na kama pikipiki yako inalala nje usizidharau. Lakini zinaishi kwa mnara. Mnara ukiisha, nazo zinanyamaza. Muuzaji akikuambia "hii ni ya setilaiti" kwa sababu tu boksi limeandikwa GPS, muulize inatuma kwa njia gani. GPS ni kusikiliza. Kifaa kinapokea ishara za setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu yetu, kinapiga hesabu ya kilipo, basi. Kumwambia mtu mwingine kilipo ni kazi ya pili kabisa, na ndiyo unayoilipia.

Kwa kutuma, mitandao miwili ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Iridium ina setilaiti 66 zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, nazo zinaongea zenyewe kwa zenyewe huko juu. Ujumbe wako unapokezanwa kutoka setilaiti moja hadi nyingine, hata ukiwa katikati ya jangwa la Chalbi, kisha unateremshwa kwenye kituo kilicho mbali. Globalstar, inayobeba vifaa vya SPOT, inafanya kazi tofauti: setilaiti lazima ikuone wewe na ione kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Pasipo na kituo cha kukufikia, hakuna huduma hata mbingu ikiwa wazi kabisa. SPOT ilianza 2007 na ilipendwa sana na waendesha pikipiki wa Marekani kwa bei yake, ndiyo maana utaikuta ikisifiwa kwenye video nyingi. Kabla hujashawishika na mtu anayepanda milima ya Colorado, fungua ramani ya huduma ya kampuni uangalie Afrika Mashariki. Kwa njia zetu nashauri Iridium bila kusita.

Kwenye Iridium kuna familia ya Garmin inReach, iliyoanzishwa na kampuni ya DeLorme mwaka 2011 kabla Garmin haijainunua 2016. Mini 2, iliyotoka 2022, ina uzito wa gramu 100 tu. Kuna pia ZOLEO, ambayo inategemea zaidi simu yako kwa kuandika na kusoma. Chochote utakachochukua, kiwe cha kutuma na kupokea. Kifaa cha kutuma tu kitamwambia mkeo kwamba umesimama, lakini hakitakuruhusu kumjibu akiuliza kwa nini.

Wenye iPhone mpya huuliza kama hawajamaliza kazi tayari. Huduma ya dharura kwa setilaiti kwenye simu hizo ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, na haipatikani kila nchi. Hata inapopatikana haikuchorei mstari wa safari. Tena simu iliyofungwa kwenye usukani inatikiswa siku nzima, na Apple wenyewe walitahadharisha 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera.

Ukinunua iliyotumika, usitoe hela kabla mwenyewe hajaiondoa kwenye akaunti yake. Kifaa kina namba ya IMEI kama simu, na kikibaki kwenye akaunti ya mtu mwingine hutaweza kukisajili. Mwambie akiondoe mbele yako, nawe ujaribu kukisajili papo hapo.

Hatua ya 2: Usajili na kifurushi

Hapa nitatumia mfano wa inReach, vifaa vingine vinafanana. Fungua akaunti kwenye tovuti ya Garmin, ingiza IMEI, chagua kifurushi, jaza majina na namba za watu wa dharura. Kisha toka nje, mahali palipo wazi, uwashe kifaa ukiache kimalize usajili. Watu hufanya hatua hii sebuleni chini ya mabati halafu wanasema kifaa ni kibovu.

Kwenye kifurushi, usiangalie bei ya mwezi peke yake. Angalia nukta zinahesabiwaje. Vifurushi vya chini huweza kukutoza kwa kila nukta inayotumwa. Vya juu vinakuachia utume bila kikomo. Siku ya saa tisa barabarani, nukta ikienda kila dakika kumi, ni nukta 54. Safari ya wiki moja hadi Turkana na kurudi inazidi nukta mia tatu, na kifurushi kilichoonekana cha bei nafuu kinaweza kukugharimu zaidi kuliko kile cha juu. Piga hesabu ya njia yako kabla ya kubofya.

Dakika kumi zinatosha? Kwa lami ya Isiolo, ukienda kilomita 80 kwa saa, nukta zinaachana kilomita 13 hivi. Kwenye mawe ya Loiyangalani, mji ulio kando ya ziwa, ukitambaa kwa 30, zinaachana kilomita tano. Yaani kadiri njia inavyokuwa mbaya ndivyo nukta zinavyokaribiana zenyewe, na hapo ndipo unapozihitaji. Mimi siongezi kasi ya kutuma. Naona ni kumaliza betri kwa ajili ya uzuri wa ramani. Ukitaka mstari laini wa kuonyesha marafiki, kifaa chenyewe kinaweza kurekodi njia kwa undani kwenye kumbukumbu yake huku kikituma nukta chache tu hewani. Tofautisha mipangilio hiyo miwili: ya kurekodi na ya kutuma.

Hatua ya 3: Ukurasa wa ramani, na nani auone

Garmin inakupa ukurasa unaoitwa MapShare. Unauwasha kwenye akaunti yako, unauchagulia jina litakalokaa kwenye linki, na mtu yeyote mwenye linki anaufungua kwa simu ya kawaida bila kuwa na akaunti.

Neno "yeyote" ndilo la kushughulikia. Weka neno la siri kabla hujamtumia mtu linki. Usitumie jina lako kamili kwenye linki, wala namba ya pikipiki. Usiibandike linki hai kwenye Facebook, hata kama kundi lina waendesha pikipiki watupu unaodhani unawafahamu. Nukta hai inasema mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba wewe uko peke yako kilomita mia kadhaa kutoka mjini ukiwa na pikipiki ya bei, na kwamba nyumba yako haina mtu. Ukanda wa Baragoi na Bonde la Suguta una historia ya uvamizi wa mifugo na silaha. Sisemi usipite; watu wanapita. Nasema usiutangazie ulimwengu uko kona gani.

Utaratibu ninaoupendekeza ni ngazi mbili. Nukta hai, yenye neno la siri, ni ya watu wachache: wa nyumbani, na rafiki mmoja anayeijua njia. Umma unapata safari yote baadaye ukiwa umesharudi, pamoja na picha. Wafuasi wako hawatapungukiwa na kitu. Ni nadra mtu kukaa siku nzima akiitazama nukta ya mwenzake, isipokuwa mama.

Kwenye mipangilio hiyo hiyo kuna ruhusa mbili za kuangaliwa vizuri: wageni wa ukurasa kukuandikia ujumbe, na wageni kukiuliza kifaa mahali kilipo. Zote mbili zinaweza kula kifurushi chako. Mpwa wa darasa la sita akigundua kitufe cha kukuandikia, utapokea "uncle uko wapi" mara ishirini kabla ya Laisamis. Zizime, au ziruhusu ukishajua nani ana neno la siri.

Hatua ya 4: Jumbe tatu za tayari

Kifaa kinakuruhusu kuandaa jumbe tatu mapema, na kwenye vifurushi vingi hazihesabiwi. Hizi ndizo utakazotumia zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu kuandika herufi moja moja kwenye kioo kidogo ukiwa na glavu ni adhabu. Ziandike nyumbani kwa utulivu, chini ya herufi 160, kwa namna ambayo haiwezi kueleweka vibaya:

"Nimefika ninapolala leo. Niko salama. Nukta haitasogea hadi kesho asubuhi."

"Nimesimama kwa muda, hakuna tatizo. Msinipigie, nitaendelea."

"Pikipiki imeharibika, mimi ni mzima. Anza kutafuta gari la kuibeba kutoka hapa nilipo."

Ujumbe wa tatu watu wengi hawauweki. Wanaandika "nahitaji msaada", na aliye nyumbani anabaki kukisia kama umevunjika mguu au mnyororo. Tenganisha mtu na chombo ndani ya ujumbe wenyewe. Ukimaliza, hakikisha umezihamisha kutoka kwenye akaunti kuingia kwenye kifaa. Kuziandika kwenye tovuti peke yake hakutoshi.

Kisha zijaribu kwa kila mpokeaji, mmoja mmoja. Ujumbe mfupi kutoka kwa mfumo wa nje unaweza kuchelewa au kukwama kwenye mitandao yetu ya simu, na hutaki kuligundua hilo ukiwa Sarima. Ongeza barua pepe ya kila mmoja kama njia ya pili. Bora zaidi, aliye nyumbani aweke programu ya Garmin Messenger kwenye simu yake. Ujumbe unamfikia kwa intaneti ya kawaida, naye anakujibu humo humo.

Hatua ya 5: Kikao cha nyumbani

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nayo ndiyo inayoamua kama traka italeta amani au vurugu. Kabla ya traka, familia ilikuwa ikijua kwamba utapotea hewani siku mbili na ikasubiri. Sasa wanaona kitu. Kitu hicho kikisimama, moyo nao unasimama. Kaa nao chini, fungua ukurasa pamoja nao, ueleze yafuatayo taratibu.

Kwanza, nukta ni ya zamani. Wanachokiona ni mahali ulipokuwa dakika kumi zilizopita, pengine zaidi kama ulikuwa kwenye korongo na ujumbe ukachelewa kupata anga. Pili, mstari unaounganisha nukta haujui barabara. Unachorwa moja kwa moja kutoka nukta hadi nukta, kwa hiyo ukizunguka ufuo wa Turkana utaonekana umekatiza majini. Mwambie mama hilo mapema. La sivyo ataona mwanawe yuko ndani ya ziwa lenye mamba, na hakuna ujumbe utakaomtuliza.

Tatu, kusimama si ajali. Pancha, chai, kizuizi cha polisi, kusubiri mbuzi wapite, kukaa chini ya mwamba hadi upepo upungue: vyote vinaonekana sawasawa kwenye ramani. Upepo wa pale Loiyangalani si wa kawaida. Ndio uliovuta mitambo ile 365, na ukivuma kwa ubavu mwendeshaji mwenye busara anasimama.

Baada ya hapo mkubaliane sheria, na ziandikwe kwenye karatasi ibandikwe ukutani. Awepo mtu mmoja tu mwenye jukumu la nukta. Wengine waangalie wakitaka, lakini anayeamua kupiga simu ni huyo mmoja. Shangazi watano wakipiga kwa wakati mmoja, kituo cha polisi cha Laisamis kitaacha kupokea. Nukta ikikaa mahali pamoja chini ya saa mbili mchana, hakuna anayefanya lolote. Zikizidi mbili, mwenye jukumu atume ujumbe mmoja na kusubiri jibu nusu saa. Nukta zikikatika kabisa, asubiri hadi muda mliokubaliana jioni, kwa sababu mara nyingi kukatika ni kifaa kuingia ndani ya begi. Muda huo ukipita bila ujumbe wa "nimefika", ndipo aanze kupiga simu kwa mpangilio: kwanza unapotarajiwa kulala, kisha mtu mnayemfahamu mji wa nyuma, kisha polisi kwa 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199. Muda mliouchagua ulingane na njia yenu. Mimi nimeeleza ninavyoona inafaa kwa siku ambayo lazima uwe umefika kabla ya giza. Na kwenye njia hii usiendeshe gizani.

Saa zenyewe mziandike kwa namna mbili. Kifaa kinasema 20:00, mama anasema saa mbili usiku. Ukimtumia "nitafika saa 8" na yeye akaelewa saa nane mchana huku wewe ukikusudia 8 ya kwenye kifaa, mmeshafungua mlango wa hofu bila sababu. Chagueni moja.

Kisha namba za mahali. Hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Nairobi iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yake inaandikwa kwa alama ya kutoa: -1.29. Ukishapita Nanyuki umevuka Ikweta, na alama hiyo inaondoka. Loiyangalani iko karibu 2.76, 36.72. Mtu aliyezoea kuona alama ya kutoa akiiongeza kwa mazoea, akasoma -2.76, 36.72 kwa mwokoaji, amempeleka karibu na Longido, ng'ambo ya mpaka Tanzania, zaidi ya kilomita 600 kutoka ulipolala na goti lililoteguka. Kwa hiyo mfundishe mwenye jukumu kunakili namba na kuzibandika kwenye ujumbe kama zilivyo. Akilazimika kuzisoma kwa simu, aongeze maneno: "kaskazini, kando ya Ziwa Turkana, kati ya Sarima na Loiyangalani." Jina la mahali linamzuia asikiaye kukosea kwa kilomita mia sita.

Hatua ya 6: Ifunge wapi

Kuna kambi mbili, na mimi niko kwenye ya mwilini. Wanaoifunga kwenye usukani wana hoja: anga iko wazi, unaiona, unaweza kuichaji. Lakini fikiria ajali yenyewe. Pikipiki inateleza mita thelathini na kuingia kwenye mtaro, wewe umebaki huku na mguu usiosogea. Kitufe cha dharura kiko kule. Kifaa cha kuokoa maisha kikae kwa mwenye maisha.

Mahali pazuri ni kwenye mkanda wa begi la mgongoni, juu ya bega, antena ikitazama juu. Koti la mvua la kitambaa halizuii ishara. Mwili, chuma na simu iliyobanwa kando ya kifaa vinaidhoofisha. Usiiweke mfuko wa kifuani chini ya koti la kinga, wala kwenye boksi la alumini la nyuma. Ifunge kwa klipu yake, halafu ongeza kamba nyembamba ya pili, maana klipu moja kwenye barabara ya mawe ni kutafuta kuiacha njiani.

Betri isikusumbue. Mtengenezaji wa Mini 2 anataja hadi siku 14 kwa kutuma kila dakika kumi chini ya anga wazi. Hata ukipata nusu ya hizo, kuichaji usiku mmoja kwa benki ya umeme kunatosha safari nzima. Ukilazimika kuichaji mchana, iwe kivulini. Joto likizidi, betri za aina hii hukataa kupokea umeme.

Hatua ya 7: Zoezi

Siku ya mapumziko kabla ya safari, nenda Magadi au popote pa karibu penye kukatika kwa mtandao, uende na kurudi kama vile ni safari yenyewe. Aliye nyumbani afuate nukta, ajibu ujumbe, akunakilie namba za mahali. Kasoro zote zitajitokeza siku hiyo, na zitakuwa ndogo.

Njiani

Asubuhi, washa kifaa ukiwa nje, si ndani ya chumba, kisha anza kutuma nukta. Kuna mpangilio wa kuanza kutuma wenyewe kila kifaa kinapowashwa. Uweke, maana asubuhi una mambo mengi: mnyororo, matairi, mafuta, na mwenye nyumba anayetaka uongeze chai. Tuma ujumbe wa kwanza kabla ya kuondoka na usubiri kifaa kithibitishe kwamba umekwenda.

Usianzie nyumbani. Mimi napenda nukta ya kwanza iwe kituo cha mafuta cha barabara kuu, na ya mwisho iwe hapo hapo siku ya kurudi. Mstari utakaouchapisha baadaye hautaongoza mtu hadi getini kwako.

Ukisimama kwa zaidi ya nusu saa, tuma ule ujumbe wa pili. Unachukua muda mfupi kuliko kuvua glavu ya pili. Jioni, tuma wa kwanza ukiwa bado nje, subiri uthibitisho, kisha simamisha utumaji. Ukiiacha iendelee ndani ya nyumba, itatafuta anga usiku kucha na kuimaliza betri, na kama itaipata kwa dirishani, nukta zitarukaruka na kumwamsha mtu Machakos saa tisa usiku.

Traka haikuonyeshi njia ya kutosha kwa maamuzi ya barabarani. Kwa hilo pakua ramani za OsmAnd au Organic Maps kabla ya kuondoka, zinafanya kazi bila intaneti. Na waulize wenyeji. Kati ya South Horr na Baragoi, dereva wa lori aliyepita jana anajua mto upi umejaa kuliko setilaiti zote 66.

Ukivuka mpaka wa Moyale, au mpaka wowote, uliza kwanza kama nchi unayoingia inaruhusu kifaa cha setilaiti. India, kwa mfano, imezuia vifaa vya mitandao ya setilaiti ya Iridium na Thuraya visivyo na kibali, na wasafiri wamekamatwa kwa kubeba traka ndogo kama hizi.

Kitufe cha SOS

Kina kifuniko kwa sababu maalumu. Ukikibonyeza na kukishikilia, ujumbe unakwenda kituo cha Garmin Response kilichoko Montgomery, Texas, na watu wa huko wanaanza kukuandikia. Watapiga pia simu kwa wale uliowaandika kama watu wa dharura, ndiyo maana majina yale yawe ya watu wanaopokea namba ngeni na wanaojua upo safarini. Jibu maswali yao kwa sentensi fupi: nini kimeumia, unaweza kutembea, mko wangapi, una maji kiasi gani. Ukibonyeza kwa bahati mbaya, usizime kifaa kwa aibu. Futa ombi kwenye kifaa chenyewe na uwaandikie kwamba uko salama.

Kituo hicho kinaratibu, hakirushi ndege. Wanaokuja ni watu wa hapa hapa, na gari au ndege ina gharama yake. Kwa upande wetu AMREF Flying Doctors, shirika lenye mizizi ya mwaka 1957, lina ndege zake Uwanja wa Wilson Nairobi na huuza uanachama wa kusafirishwa kwa ndege ukiumia. Ulipie kabla ya safari, uandike namba yako ya uanachama kwenye ile karatasi ya ukutani na pia kwenye maelezo ya dharura ya akaunti ya traka. Pikipiki kuharibika si SOS. Kukosa maji ukiwa mbali na watu, ni SOS.

Abiria wako, au mwenzako wa pikipiki ya pili, afundishwe kifaa chako kwa mikono yake mwenyewe: kifuniko kinafunguliwaje, ujumbe unasomwaje. Huenda wewe ndiye utakayekuwa chini.

Baada ya kurudi

Sasa ndipo umma upate haki yake. Unganisha kifaa na programu, ile njia ya kina iliyorekodiwa ishuke, kisha uitoe kama faili la GPX au KML, aina za faili zinazohifadhi njia ya ramani. Faili hilo linaingia Google My Maps, ambako unaweza kuweka picha ya kila kituo mahali pake, au Wikiloc ukitaka mwingine aweze kuifuata njia yako. Kata kipande cha mwanzo na cha mwisho kama kinagusa mtaa wako. Angalia pia vituo vya kulala: kama ulilala kwa familia iliyokukaribisha manyatta, usiiweke nyumba yao kwenye ramani ya dunia bila kuwauliza.

Andika kwenye kila kipande hali ya njia na ulipita hapo mwezi gani, kwa sababu mstari mtupu haumwambii mtu kwamba korongo lile ulilivuka likiwa kavu. Mafuta yalipatikana wapi, kwa chupa au kwa pampu, liandike pia.

Mwisho kabisa, rudi kwenye akaunti. Badilisha neno la siri la ukurasa wa ramani, kwa kuwa lile la zamani kufikia sasa limeshatumwa kwenye makundi matatu. Angalia kama kifurushi chako kinaruhusu kusimamishwa au kushushwa hadi safari ijayo, na ukikiwasha tena, anza na ujumbe wa majaribio ukiwa uani.